Siku Ng'ombe Walipoingia Kambini

Harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa, ikichanganyika na samadi ya ng'ombe ambayo bado inatoa mvuke, wengi huipita bila kuijali. Mimi ikinipata hunisimamisha. Na kwa kuwa kwetu kufyeka hakuishi na ng'ombe hawaishi, hunipata mara nyingi, nikajikuta natabasamu peke yangu njiani hadi watu wanadhani nimeokota kitu.

Mara ya mwisho ilinipata kiangazi kilichopita, nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la sherehe. Kituo chetu cha afya kilikuwa kinazindua chumba cha upasuaji. Vijana walikuwa wamefyeka kingo za uwanja wa ndege tangu alfajiri, na ng'ombe wa mzee fulani, ambaye kwa heshima simtaji, walikuwa wamekatiza juu ya zulia jekundu kabla wageni hawajafika. Mgeni rasmi akasimama, akasoma historia ya mahali pale. Akasema hapa palikuwa kambi ya ndege za jeshi, kambi ikafungwa, ikaonekana vema eneo likabidhiwe kwa wananchi, na leo tunajionea wenyewe: mabweni ya askari yamekuwa wodi, ghala la mafuta limekuwa chumba cha dawa, na njia ya ndege inapokea watalii wanaokwenda mbugani na wagonjwa wanaokimbizwa hospitali za mbali. Tukapiga makofi. Historia ilikuwa nzuri na imenyooka, ila hamkuwa na bibi yangu ndani yake.

Kwa hiyo naomba mnipe sikio, nimrudishe mahali pake.

Kijiji chetu kiko huko nyuma ya Morotonga, ukitoka Mugumu kwa miguu unafika umechoka kiasi cha kupokea chochote utakachopewa. Kabla sijazaliwa, wakati wa vita, jeshi lilikuja na magreda likachonga njia ya ndege kwenye uwanda ulio chini ya kilima chetu. Wazee walisema ndege zilitua na kuruka mchana kutwa, kuku wakagoma kutaga, na shangazi mmoja wa ukoo akajificha ndani ya kihenge cha mtama hadi alipotolewa kwa kuvutwa miguu. Vita vilipoisha, ndege hazikuonekana tena. Askari wakapungua kidogo kidogo kama maziwa ya ng'ombe mzee, mabweni yao yakabaki matupu, na mwishowe akabaki mmoja tu wa kulinda nyasi.

Huyo alikuwa Afande Komba, Mngoni wa Songea, mrefu na mpole, aliyeachiwa bunduki, filimbi na amri moja: asiingie mtu. Lori la kumletea posho lilikuja pale lilipokumbuka. Alilima mihogo yake nyuma ya bweni, akafua sare yake kila Jumamosi, na kila alipokamata ng'ombe waliopenya seng'enge alikwenda mwenyewe kwa mwenye ng'ombe. Alianza na shikamoo, akaulizia hali ya watoto na mashamba, kisha akamjulisha mzee wa watu kwamba mifugo yake imefungwa kwenye ghala la mafuta. Watu walishindwa hata namna ya kumchukia.

Sisi watoto tuliambiwa chini ya ile njia kuna mabomu yamelala, na kwamba bomu huamshwa na mguu wa mtoto mtukutu. Miguu ya watu wazima waliokwenda kuiba nyasi na kuni, inaelekea, haikuyasumbua. Mimi niliamini kabisa. Nilikuwa radhi kuzunguka kilima kizima nikiwa na ndoo kichwani kuliko kukanyaga pale.

Nilikuwa darasa la tatu masika hayo, na mama alikuwa mjamzito. Baba alikuwa Genkuru akichimba dhahabu, jambo ambalo Bibi aliliita kutafuta sindano aliyoidondosha babu yako. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu, mama, mimi na Bibi Robi, mama yake baba. Bibi alikuwa mwembamba, mfupi, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Alipomwita mtu shambani, watu wa mashamba mengine nao waliitika kwa tahadhari.

Mvua ilinyesha mfululizo mpaka mto ulio kati yetu na Mugumu ukala daraja. Usiku daraja lilipokwenda, ndio usiku uchungu wa mama ulipoanza. Asubuhi mkunga alitoka ndani akifuta mikono, akamvuta Bibi pembeni ya jiko, na mimi nikajibanza nyuma ya mlango kama kawaida yangu. Nilisikia akisema kwamba mtoto amelala kimkingamo tumboni, hawezi kutoka, na kwamba kama Wegesa hatafika hospitali kabla ya jioni, basi Mungu mwenyewe ndiye ajuaye. Wegesa ni mama yangu.

Bibi hakulia. Alituma mtu mbio kwa padri, ambaye alikuwa na redio ya upepo pale misheni, upande wetu wa mto. Jibu lilirudi na padri mwenyewe, kanzu imekunjwa mkononi, matope hadi magotini. Amezungumza na hospitali kubwa, akasema. Kuna daktari anayezunguka kwa ndege ndogo, na anaweza kupita kwetu jua likianza kuinama. Rubani anaijua ile kambi, kwenye ramani yake bado imechorwa. Lakini ndege haitui juu ya vichaka na vichuguu. Akikuta njia safi atatua, na akikuta pori atageuza aende zake, maana hawezi kulala porini na wagonjwa wengine wanamsubiri.

Sasa hapa inabidi niwaeleze jambo la kwetu. Kazi kubwa kijijini hufanywa kwa risaga, yaani watu wanaalikana, leo shamba la huyu, kesho la yule. Ni jambo tamu mno, lina nyimbo na mashindano na chakula. Lakini risaga haiitwi kama kuku anavyoitwa kwenye punje. Inatangazwa mapema, pombe inapikwa, inaiva, watu wanajiandaa. Bibi aliyajua hayo yote, na bado alinituma nipite boma hadi boma niombe watu waje na mapanga kambini, sasa hivi.

Nilikimbia nikarudi na pole nyingi. Mmoja alisema atakuja jioni akishatoa ng'ombe majini. Mwingine aliuliza kwa upole kama kuna chochote kilichopikwa. Mwenyekiti alisema kuingia eneo la jeshi kunahitaji kibali cha Mugumu, na Mugumu iko ng'ambo ya mto. Na karibu wote, wakiangalia chini kama watu wasiojua pa kuweka mikono, walisema habari za chumba cha uzazi ni za kina mama, mwanamume hazisogelei. Hawakuwa watu wabaya. Ndivyo walivyolelewa, na baba yangu naye angejibu hivyo hivyo.

Nilipofika nyumbani kumweleza Bibi, mama, aliyekuwa akipiga kelele tangu usiku, alikuwa amenyamaza. Kelele zake zilinitisha, ila kimya chake kilinitisha zaidi. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa kwamba mama yangu anakufa, pale ndani, karibu na mahindi tuliyotundika darini, na kwamba watu wote wazima niliowajua walikuwa na sababu nzuri ya kutokuja.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akakaza kitenge chake kiunoni, akasema mficha uchi hazai, akapanda juu ya ule mwamba ulio nyuma ya nyumba yetu. Nikamfuata. Akajaza kifua hewa, akapiga yowe.

Halikuwa yowe la msiba. Yowe la msiba ni refu na linashuka. Hili lilikuwa fupi, la haraka, limekatwakatwa na kiganja mdomoni, na kila mtoto wa Mkurya analijua kabla hajajua jina lake mwenyewe. Ni yowe la wizi wa ng'ombe.

"Ng'ombe! Ng'ombe wamechukuliwa! Wameingia kambini!"

Niligeuka nikaangalia zizini. Ng'ombe wetu walikuwepo, wanacheua, na nadhani hata wao walishangaa.

Yowe la kwanza lilijibiwa na kilima cha pili, kilima cha pili kikajibiwa na cha tatu, na ndani ya muda mfupi nchi nzima ilikuwa inapiga kelele. Watu walitoka kila upande na pinde, mikuki, mapanga, marungu na mbwa. Mzee aliyetaka kutoa ng'ombe majini alitupita akiwa ameshika upinde kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono mwingine. Bibi akaniinamia. Akaniuliza kama nimesikia alichosema. Nikamwambia nimesikia.

"Basi umeona ng'ombe," akasema.

Nikatikisa kichwa kukubali, ila kwa hofu. Maana kwetu kupiga yowe la uongo la ng'ombe si mchezo. Watu wamewahi kuuana kwa yowe la kweli, sembuse la uongo. Anayelipiga anaitwa kwenye ritongo, baraza la kijiji, na akitiwa hatiani anatengwa: haombi moto kwa jirani, hasalimiwi njiani, na siku akifa wanaomchimbia kaburi ni watoto wake tu. Bibi alikuwa ameweka vyote hivyo juu ya ule mwamba, na shahidi pekee nilikuwa mimi.

Aliteremka kilima pekupeku, mbele ya watu wote, na mimi nyuma yake nikiwa nimebeba kitenge chake cha pili bila kujua kwa nini nimekibeba.

Tulipofika kwenye lango la kambi, umati ulikuwa mkubwa kuliko mnada wa mifugo. Na si wa kwetu peke yao. Walikuwepo hadi watu wa ng'ambo ya kijito, wa ukoo ambao sisi na wao tulikuwa tukiibiana ng'ombe tangu enzi za mababu. Kila ng'ombe alipopotea kwetu walisingiziwa wao, kwa hiyo walikuwa wamewahi kufika ili kuonyesha kwamba safari hii si wao. Kiongozi wao alikuwa Mzee Matiko, mtu mnene, mtulivu, aliyesifika mkoa mzima wa Mara kwa kusoma nyayo. Ilisemekana anaweza kukuambia ng'ombe aliyepita jana alikuwa na mimba au la.

Afande Komba alisimama ndani ya lango na bunduki yake, akiangalia mikuki. Mimi niliyekuwa naogopa mabomu, siku hiyo nilimwogopea yeye. Aliwasalimu wazee shikamoo. Bibi akamwambia ng'ombe wameingia humu. Padri, aliyekuwa anahema nyuma yetu, akaongeza kwa sauti ya ibada kwamba pia kuna ndege inakuja kumchukua mama mgonjwa, na inahitaji njia safi, na jua linakwenda.

Watu wakamwangalia Bibi. Kisha wakamwangalia Mzee Matiko, maana kwenye habari ya nyayo yeye ndiye mwenye neno.

Mzee Matiko akasogea mbele akainama. Ardhi ilikuwa imelowa, laini, yenye nyayo za watu tu. Hata mimi mtoto niliona haina alama ya kwato. Aliangalia kwa muda mrefu, akasogea kulia, akasogea kushoto, akagusa udongo kwa kidole. Halafu akanyanyuka, akapangusa goti.

"Ng'ombe wamepita hapa," akasema. "Wameingia ndani. Afande, tufungulie tuwatafute."

Nikamwangalia kwa mshangao mkubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu mzima, tena bingwa, akikosea jambo ambalo mtoto analiona.

Afande Komba alifikiri. Akasema kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka kwamba amri aliyonayo ni kutoruhusu mtu kuingia, lakini askari hawezi kukaa akiangalia mali ya raia inaibwa. Akafungua kufuli. Lango lililia kutu kama mbuzi.

Mzee Matiko akasimama mwanzo wa njia ya ndege, ambayo ilikuwa pori tupu, nyasi zinafika kifuani, vichuguu vimejipanga kama wazee barazani. Akatangaza kwamba nyasi hizi zimefunika nyayo, haiwezekani kuzifuata hivi hivi. Zifyekwe, kuanzia hapa mpaka mwisho kule.

Basi wakafyeka. Enyi wasomaji wangu, nimeona harusi, nimeona sikukuu za uhuru, lakini sijaona kitu kama kile. Wa kwetu walishika upande mmoja, wa ng'ambo ya kijito upande mwingine, na kwa kuwa koo zile hazijawahi kufanya lolote bila kushindana, zikaanza kushindana. Mapanga yalikwenda kwa wimbo. Vichaka viling'olewa na mizizi yake. Wanawake walivunja vichuguu kwa majembe, wakabeba udongo kwa karai na beseni kuziba mashimo. Afande Komba alivua shati, akatuonyesha kingo za njia zilipo, na mawe yaliyopakwa chokaa zamani yakaanza kujitokeza moja moja kwenye majani kama meno ya mtoto. Nami nilikanyaga pale kwa miguu yangu, nikibeba udongo kwa sufuria, na hakuna bomu lililoamka.

Mashimo yalipozibwa, udongo ulikuwa bado laini, tairi lingezama. Hapo kijana mmoja akasema, tuleteni ng'ombe. Wakaletwa, makundi kwa makundi, wa kwetu na wa kwao wamechanganyika, jambo ambalo siku nyingine lingemwaga damu. Wakaswagwa huku na huko juu ya njia ya ndege hadi ardhi ikashindiliwa ikawa ngumu kama sakafu ya nyumba. Uwanja mzima ukanuka majani na samadi. Nikawaza, afadhali, sasa kwato zipo kweli, na Bibi amepona.

Afande akasema rubani anahitaji kujua upepo unatoka wapi, na ule mfuko wa kitambaa uliokuwa juu ya mlingoti ulishaliwa na panya. Nikamnyooshea kile kitenge cha Bibi. Akakipandisha, kikafunguka, chekundu chenye majogoo, kikapepea juu ya kambi ya jeshi.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Ilipotokea juu ya kilima, nilivunjika moyo, maana ilikuwa ndogo kuliko trekta. Ikapita chini chini mara moja, ng'ombe wakatawanyika na mikia juu, na vijana wakawakimbiza pembeni kama wanaokimbiza mashetani. Ikazunguka. Ikarudi. Ikagusa ardhi, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikaja inanguruma kuelekea kwetu na matope yakiruka pembeni, na ikasimama. Halafu vigelegele vilipanda, na nadhani vilisikika hadi Natta.

Ilibaki kumleta mama. Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima, na kina mama walikuwa wamechoka. Wanaume wakaanza kuangalia chini tena. Ndipo Mzee Matiko, mtu wa ng'ambo ya kijito, asiye hata ndugu yetu, alipoegemeza mkuki wake kwenye mlingoti.

"Tuliokuja kutafuta," akasema, "twendeni tukabebe."

Wakapanda kilima. Walisimama uani, mkunga na wanawake wakamtoa mama kwenye kitanda cha kamba, amefunikwa mablanketi, na wanaume wakaingiza mabega. Wa kwetu mbele, wa kwao nyuma. Waliteremka wakiangalia mbele moja kwa moja, kama watu waliobeba kitu kitakatifu wasichoruhusiwa kukitazama. Mimi nilishika mguu wa mama. Ulikuwa baridi. Katikati ya mteremko akachezesha kidole gumba, akanikuna kiganja, na nikalia kwa mara ya kwanza siku ile.

Bibi, aliyekuwa anaogopa hata lori, alipanda ndege bila kuuliza. Ndege ikakimbia juu ya njia yetu, ikanyanyuka, ikapita juu ya majogoo yake yanayopepea, ikaenda.

Asubuhi yake padri alikuja anakimbia, kanzu inampiga miguuni, na kabla hajasema neno nilishajua, kwa sababu padri hakimbii na msiba. Mama mzima, mtoto mzima, wa kiume. Walirudi baadaye kwa lori, daraja liliporekebishwa, na mtoto akaitwa Matiko. Jina la mtu wa ng'ambo ya kijito likaingia katika ukoo wetu, na baba, aliyerudi kutoka Genkuru mikono mitupu kama kawaida, hakuthubutu kubisha.

Lakini mimi sikuwa na raha. Kila siku nilingoja watu wakumbuke ng'ombe. Na kweli, ritongo likaitwa. Nilikwenda nikajibanza nyuma ya watu. Wazee wakakaa, na mkubwa wao akamsimamisha Bibi, akamuuliza mbele ya watu wote kama wale ng'ombe walioibwa wamepatikana. Bibi akajibu wamepatikana. Akaulizwa kama ni wote. Akasema wote. Mzee akasema basi hapa hakuna kesi, na baraza likaendelea na shauri la pili, ambalo lilikuwa kambi: kwamba mahali palipookoa mtu si pa kuachiwa panya, na jeshi liombwe liwape wananchi wajenge zahanati.

Lori la posho lilipokumbuka kuja, lilikuja na ofisa. Aliona njia imefyekwa, akamuuliza Afande Komba nani alifungua. Komba akasema ukweli wake, ng'ombe wa raia. Ofisa akauliza wanakijiji, na hapo nikashuhudia maajabu. Mmoja alimweleza kwamba kulikuwa na dume jekundu lenye pembe iliyopinda. Mwingine akakumbuka mtamba mwenye madoa. Mzee wa suruali akabishana na jirani yake kuhusu rangi ya ndama. Mimi mwenyewe nikaanza kuwaamini wale ng'ombe. Ofisa alivua kofia, akajikuna, akaomba maziwa. Akapewa kibuyu kizima, na ombi la kambi likawekwa mbele yake hapo hapo kabla hajafuta mdomo.

Jeshi lilichukua miaka kukubali, lakini lilikubali. Siku ya makabidhiano askari waling'oa lile bango la kukataza watu kupita, na watoto wakapita pale huku na huko mpaka wakachoka. Koo zote mbili zilifanya risaga, safari hii na pombe iliyoiva. Bweni la kwanza likapigwa plasta na kuwa chumba cha kujifungulia. Afande Komba alistaafu, akakataa kurudi Songea, akaoa kwetu, na akawa mtunza uwanja wa ndege wa raia, akifukuza ng'ombe wale wale kwa shikamoo zile zile. Bibi aliishi kuiona zahanati. Alikuwa akienda kukaa kwenye benchi lake la nje, haumwi chochote, ili tu awaambie wauguzi kwamba uji wao ni mwepesi.

Nilipokua nami nikaolewa, mtoto wangu wa kwanza nilimzaa katika bweni lile. Bibi alikuwa ameshatutoka. Asubuhi nilipotoka nje kuota jua na kichanga changu, nilimkuta Mzee Matiko amekaa pale barazani, mzee sana sasa, fimbo katikati ya magoti. Alikuja kuniona. Mwanamume, tena mzee wa mila, amekaa mlangoni pa chumba cha uzazi, na hakuna aliyeshangaa. Nilimpa shikamoo, akambeba mtoto, na kwa kuwa siku ile nilikuwa na ujasiri wa mzazi mpya, nikamuuliza kile nilichokuwa nimekimeza tangu darasa la tatu. Ilikuwaje, bingwa kama yeye, akakosea nyayo?

Alicheka mpaka mtoto akafumbua macho.

"Mjukuu wangu, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Hata kuku angepita pale ningemwona. Hakukuwa na kwato hata moja. Kulikuwa na nyayo za watu tu, na kati yake za bibi yako, pekupeku, zimezama kwenye vidole. Mama wa umri ule hakimbii vile kwa sababu ya ng'ombe."

"Na wengine?"

"Kila mwanamume aliyekuwa pale anajua kusoma nyayo," akasema. "Walikuwa wananingoja mimi tu nitoe neno ambalo wangeweza kulikimbilia bila kuona haya."

Nilikaa chini kwenye benchi. Ndipo nikaelewa kwamba Bibi hakuwadanganya hata kidogo. Alikuwa anajua watajua. Aliwapa mlango ambao mwanamume wa kwetu anaweza kuupita, na askari mwenye amri anaweza kuufungua, nao wakaupita wote wakiwa macho. Na wale ng'ombe wa pembe zilizopinda, na ubishi wa rangi ya ndama, na mzee wa ritongo na lile swali lake la kama ni wote. Utoto wangu wote niliilinda siri ya Bibi, nikaogopa kuota nikaisema usingizini. Kumbe koo mbili nzima zilikuwa zinailinda pamoja nami, na hakuna aliyekuwa ameona sababu ya kuniambia.